Kolesteroli imepanda: chakula kwanza, statini, au zaidi ya hapo? Ulinganisho wa kwenda nao kwa daktari

Wengi huingia kwa daktari wakiwa na majibu ya kipimo cha kolesteroli mkononi na swali moja: "Nianze dawa au nijaribu chakula kwanza?" Swali hilo limeruka hatua. Kila njia ya kushusha kolesteroli (lehemu) ina nguvu yake inayojulikana, kwa hiyo huwezi kuchagua njia kabla ya kujua uko wapi na unatakiwa kufika wapi.

Chukua watu wawili. Wa kwanza ana LDL (kolesteroli mbaya, inayoziba mishipa) ya 3.4 mmol/L, hana ugonjwa wowote, na lengo lake ni kushuka chini ya 3.0. Anahitaji kupunguza asilimia 12 hivi. Wa pili ana LDL ya 4.2, amewahi kupata mshtuko wa moyo, na lengo lake ni chini ya 1.4. Huyo anahitaji kupunguza asilimia 67. Wa kwanza anaweza kufika kwa kubadili anachokula. Wa pili hafiki kwa chakula, na kama utakavyoona hapa chini, hafiki hata kwa statini kali ikiwa peke yake (statini ni kundi la vidonge vinavyozuia ini kutengeneza kolesteroli). Ushauri uliomfaa mmoja ukimpa mwingine utamwumiza.

Namba mbili za kuomba

Usitoke kwa daktari bila kujua LDL yako na hatari yako ya kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka 10. Kolesteroli ya jumla haitoshi, maana ndani yake imo pia HDL, iitwayo kolesteroli nzuri, ambayo haihesabiwi kwenye mafuta yanayoziba mishipa.

Angalia kwanza kipimo kimeandikwa kwa uniti gani. LDL ya 130 mg/dL na ya 3.4 mmol/L ni kitu kimoja. Kugeuza mmol/L kuwa mg/dL, zidisha kolesteroli kwa 38.67, trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya damu) huzidishwa kwa 88.6. Watu hushtuka bure, au hutulia bure, kwa kulinganisha karatasi mbili za maabara zenye uniti tofauti.

Kuhusu lengo, mwongozo wa Ulaya wa 2019 unasema hivi: aliye kwenye hatari kubwa sana ashuke chini ya 1.4 mmol/L (55 mg/dL), mwenye hatari kubwa chini ya 1.8 (70), hatari ya kati chini ya 2.6 (100), na hatari ndogo chini ya 3.0 (116). Makundi mawili ya kwanza yanatakiwa pia kupunguza walau nusu ya LDL waliyoanza nayo. Miongozo mingine hutazama zaidi asilimia iliyopungua kuliko namba ya mwisho. Muulize daktari anafuata upi, ili wote wawili mpime kwa rula moja.

Kuna watu wasiohitaji kukokotolewa hatari, kwa sababu tayari wako juu: aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi cha mshipa kuziba, aliyewekewa stenti (kijibomba cha kufungua mshipa wa moyo), mwenye mishipa ya miguu iliyoziba, mwenye kisukari kilichokwisha kudhuru figo au macho, na mwenye LDL inayozidi 4.9 mmol/L (190 mg/dL). Huyu wa mwisho mara nyingi ana tatizo la kurithi, linalompata takriban mtu mmoja kati ya 250 hadi 300. Akigundulika, wazazi, ndugu na watoto wake nao wapimwe.

Kwa wengine wote daktari hutumia kikokotoo: SCORE2, QRISK3, PREVENT, au chati za Shirika la Afya Duniani. Kwa kawaida huchukua umri, jinsia, sigara, shinikizo la damu na kolesteroli, na vingine huongeza kisukari, figo au dawa unazotumia. Udhaifu wake ni kwamba umri una uzito mkubwa mno. Mtu wa miaka 38 mwenye familia iliyoandamwa na ugonjwa wa moyo anaweza kuambiwa hatari yake ni ndogo, kumbe hajazeeka tu. Kwa hiyo taja mwenyewe mambo ambayo vikokotoo vingi haviyaoni: baba au kaka aliyepata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya miaka 65, VVU, baridi yabisi, shinikizo la damu lililopanda wakati wa ujauzito, hedhi iliyokoma kabla ya miaka 40. Omba pia kupimwa lipoprotini(a), chembe ya damu inayofanana na LDL. Hurithiwa, haibadiliki sana maishani, na kwa watu wengi kuipima mara moja kunatosha. Ikifika 50 mg/dL, hatari yako ni kubwa kuliko LDL inavyoonyesha.

Kipimo kipi kiaminiwe

Kufunga chakula au kula kwanza? Kwa uchunguzi wa kawaida hakuna haja ya kufunga. LDL na HDL hazibadiliki sana baada ya mlo. Trigliseridi ndizo hupanda kidogo. Funga kama trigliseridi zilikuwa juu mara ya mwisho, au kama daktari anafuatilia hizo hasa.

LDL iliyoandikwa kwenye karatasi mara nyingi imekokotolewa. Fomula ya zamani, ya 1972, inachukua kolesteroli ya jumla, inatoa HDL, kisha inatoa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Mfano: jumla 6.2, HDL 1.1, trigliseridi 2.2. Hapo LDL ni 6.2 toa 1.1 toa 1.0, yaani 4.1. Fomula hiyo inachukulia kwamba uwiano kati ya trigliseridi na kolesteroli inayosafiri nazo haubadiliki. Trigliseridi zikizidi 4.5 mmol/L (400 mg/dL) uwiano huo unavunjika na LDL inayotoka haifai kutumika. Badala yake tumia kolesteroli isiyo ya HDL: jumla toa HDL. Katika mfano wetu ni 5.1. Haihitaji kufunga, haihitaji fomula, na inakusanya chembe zote zinazobeba kolesteroli na kupenya ukuta wa mshipa. Kwa mwenye kisukari, kitambi au trigliseridi nyingi, tungeitegemea hiyo kuliko LDL. Apolipoprotini B, kipimo cha protini iliyo kwenye chembe hizo, ni sahihi zaidi, kwa kuwa inahesabu chembe zenyewe, ila si kila maabara inayo.

Usipime ukiwa mgonjwa. Maambukizi makali hushusha LDL kwa wiki kadhaa, na ujauzito huipandisha.

Kabla ya kulaumu chakula, uliza kama kuna ugonjwa unaopandisha kolesteroli: tezi ya thairoidi iliyolegea (inayofanya kazi kidogo kuliko kawaida), figo zinazovujisha protini, njia ya nyongo iliyoziba, au dawa kama steroidi. Thairoidi ni ya kupewa uzito. Kuitibu peke yake kunaweza kushusha LDL, na kuanza statini huku tezi bado imelegea huongeza uwezekano wa misuli kuuma.

Njia zenyewe, ubavu kwa ubavu

| Njia | LDL hupungua kwa | Pima tena baada ya | Inapokwama |
|---|---|---|---|
| Chakula, uzito, mazoezi | asilimia 10–20 ukifuata kwa dhati | wiki 6–12 | Haimtoshi mwenye hatari kubwa |
| Statini ya kati (atorvastatini 10–20 mg, rosuvastatini 5–10 mg, simvastatini 20–40 mg) | asilimia 30–49 | wiki 4–12 | Kuachwa kimyakimya |
| Statini kali (atorvastatini 40–80 mg, rosuvastatini 20–40 mg) | asilimia 50 au zaidi | wiki 4–12 | Misuli, kuingiliana na dawa nyingine |
| Ezetimibe 10 mg | asilimia 20 hivi | wiki 4–12 | Nguvu ndogo ikiwa peke yake |
| Asidi ya bempedoiki 180 mg (kidonge) | asilimia 15–25 | wiki 4–12 | Hupandisha asidi ya yuriki, jongo |
| Evolokumabu, alirokumabu (sindano) | asilimia 50–60 | wiki 4–12 | Gharama, jokofu |
| Inklisirani (sindano) | asilimia 50 hivi | miezi 3 | Gharama, kurudi kliniki |

Chakula au statini?

Kinachosukuma LDL chini kwa chakula ni vitu vichache, na inafaa kuvijua kwa majina badala ya kuambiwa tu "punguza mafuta". Cha kwanza ni kuondoa mafuta yanayoganda (siagi, samli, mafuta ya nyama, mafuta ya nazi na ya mawese) na kuweka mahali pake mafuta ya maji kama ya alizeti, zeituni au soya. Mafuta ya nazi yametoka kwenye mmea, lakini yanaishinda siagi kwa wingi wa mafuta yanayoganda. Kosa la kawaida hapa ni kuondoa mafuta na kuziba pengo kwa sukari na wanga mweupe. LDL itashuka kidogo, trigliseridi zitapanda, na hujapata faida.

Cha pili ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka, gramu 5 hadi 10 kwa siku, kutoka kwenye maharage, dengu, oti, shayiri na matunda. Oti kavu kiasi cha gramu 75 hutoa gramu 3 hivi za beta-glukani (aina ya nyuzinyuzi hizo), kiasi kinachotosha kugusa LDL. Cha tatu ni steroli za mimea, gramu 2 kwa siku, zinazoongezwa kwenye baadhi ya vyakula. Hushusha asilimia 7 hadi 10. Na kama unakunywa kahawa ya kuchemshwa bila kuchujwa, vikombe kadhaa kwa siku, ujue ina mafuta yanayopandisha LDL. Chujio la karatasi huyabakiza.

Mazoezi hushusha trigliseridi, shinikizo la damu na sukari, lakini LDL huigusa kidogo. Kuacha sigara vilevile: namba ya LDL inaweza isisogee, na bado umepunguza hatari kuliko vidonge vingi vingeweza. Usiache mambo hayo eti kwa sababu karatasi ya maabara haikuyasifu.

Upande wa pili ni statini. Tafiti nyingi zilizounganishwa zinaonyesha kwamba kila 1 mmol/L ya LDL inayopungua hupunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa karibu moja ya tano. Hiyo moja ya tano haina maana moja kwa kila mtu. Kama hatari yako ya miaka 10 ni asilimia 20, kupunguza 1 mmol/L kunakushusha hadi 16: watu 4 kati ya 100 wanaokolewa. Kama hatari yako ni asilimia 5, inashuka hadi 4: mtu mmoja kati ya 100. Mwombe daktari akupe hesabu yako kwa mtindo huu, watu wangapi kati ya 100. Ni hapo tu utajua kama kidonge cha kila siku kina thamani kwako.

Msimamo wetu ni huu. Hatari ikiwa ndogo, au ya kati bila sababu nyingine ya kuharakisha, jipe miezi mitatu ya chakula kwa bidii kisha upime. Usipime baada ya wiki mbili, na usijibane wiki moja tu kabla ya kipimo. Utamdanganya daktari na wewe mwenyewe. Ikiwa una ugonjwa wa moyo tayari, LDL inayozidi 4.9, au kisukari na umevuka miaka 40, usiisubirishe statini. Anza vyote kwa pamoja.

Ukibaki katikati bila uamuzi, uliza kuhusu picha ya CT inayopima madini ya chokaa kwenye mishipa ya moyo. Alama 0 kwa asiyevuta sigara, asiye na kisukari wala historia nzito ya familia, inaruhusu kuahirisha dawa. Alama 100 au zaidi inamaliza mjadala kwa upande wa statini. Kwa aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo haibadilishi matibabu.

Kuongeza dozi au kuongeza dawa ya pili?

Hapa ndipo wagonjwa wengi hupoteza miezi. Kila unapoongeza dozi ya statini mara mbili, unapata asilimia 6 tu za ziada. Turudi kwa yule mwenye LDL ya 4.2. Atorvastatini 20 mg hupunguza asilimia 43 hivi, inabaki 2.4. Kwa 40 mg inabaki 2.1. Kwa 80 mg inabaki 1.9. Sasa rudi kwenye 20 mg na uongeze ezetimibe 10 mg: 2.4 inapungua kwa asilimia 20, inabaki 1.9. Umefika palepale na robo ya dozi ya statini. Sababu ni kwamba dawa hizi mbili hufanya kazi mahali tofauti. Statini huzuia ini kutengeneza kolesteroli, na ezetimibe huzuia utumbo kuifyonza.

Hata hivyo, kwa aliyepata mshtuko wa moyo tusingeanzia chini. Ushahidi wa kuokoa maisha uko upande wa dozi kali, na ezetimibe inakuja juu yake. Utafiti wa IMPROVE-IT wa 2015 ulithibitisha kwamba kuiongeza baada ya tukio la moyo kunapunguza matukio mengine. Kwa mgonjwa wetu, 80 mg pamoja na ezetimibe inamfikisha 1.5. Bado hajaingia chini ya 1.4. Huyo ndiye wa kuzungumzia asidi ya bempedoiki au sindano.

Kwa mtu asiyestahimili dozi kubwa, dozi ndogo na ezetimibe ni chaguo bora kuliko kukata tamaa.

Statini ipi?

Simvastatini humezwa jioni, kwa kuwa haidumu mwilini na ini hutengeneza kolesteroli zaidi usiku. Atorvastatini na rosuvastatini hudumu, kwa hiyo saa yoyote inafaa, mradi iwe ileile.

Simvastatini ndiyo yenye migongano mingi. Haitumiwi pamoja na klarithromaisini (antibiotiki), itrakonazoli (dawa ya fangasi), wala dawa za VVU zenye ritonaviri au kobisistati. Ukiwa unatumia amlodipini (dawa ya shinikizo la damu), isizidi 20 mg. Balungi kwa wingi huzuia kuvunjwa kwa simvastatini na atorvastatini, dawa ikarundikana na misuli ikaumia. Rosuvastatini na pravastatini haziumizwi na balungi. Rosuvastatini inataka tahadhari figo zikiwa dhaifu sana, na wenye asili ya Asia huanzia 5 mg kwa kuwa kiasi kikubwa zaidi hubaki kwenye damu yao. Ukimeza dawa ya kutuliza asidi ya tumbo, acha saa mbili baada ya rosuvastatini.

Misuli inapouma

Hii ndiyo sababu kubwa ya watu kuacha statini, kwa hiyo ieleweke vizuri. Katika utafiti wa SAMSON uliochapishwa 2020, watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara walipewa kwa zamu miezi ya statini, miezi ya kidonge bandia (kisicho na dawa ndani) na miezi bila kidonge. Asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwenye statini waliupata pia kwenye kidonge bandia. Maumivu yalikuwa ya kweli. Kilichotiliwa shaka ni chanzo chake. Wapo pia wanaoumizwa na dawa yenyewe, na hao nao wana njia.

Usiache kimya. Andika maumivu yalianza lini, wiki ngapi baada ya dozi, na yako wapi. Ya statini kwa kawaida hushika pande zote mbili: mapaja, nyonga, mabega. Goti moja linalouma lina sababu nyingine. Daktari atapima kimeng'enya cha misuli (CK), thairoidi na pengine vitamini D, atasimamisha dawa wiki 2 hadi 4, kisha atarudisha kwa dozi ndogo au kwa statini nyingine. Rosuvastatini siku moja ndiyo, moja siyo, huwafaa wengi walioshindwa mara ya kwanza.

Mkojo wa rangi ya kahawia nzito pamoja na misuli kulegea au kuuma vikali si jambo la kusubiri miadi. Acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo. Ni nadra sana, lakini misuli inayooza huziba figo.

Statini hupandisha sukari kidogo, hasa kwa aliyekuwa ukingoni mwa kisukari. Kwa mwenye hatari kubwa ya moyo faida bado inazidi. Vimeng'enya vya ini vikipanda zaidi ya mara tatu ya kikomo, dawa huangaliwa upya. Unayepanga kushika mimba, mwambie daktari mapema. Kwa kawaida statini husimamishwa.

Sindano za aina mbili

Evolokumabu (140 mg) na alirokumabu (75 au 150 mg) unajidunga mwenyewe kila wiki mbili. Zinatunzwa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Tafiti kubwa za 2017 na 2018 zilionyesha kwamba zinapunguza mshtuko wa moyo na kiharusi. Inklisirani (284 mg) hudungwa na mhudumu wa afya siku ya kwanza, mwezi wa tatu, kisha kila miezi sita, na haihitaji jokofu. Anayesahau dawa au asiye na umeme wa uhakika atanufaika na inklisirani. Mwenye kutaka dawa iliyotangulia kuthibitishwa kwenye matukio yenyewe, si kwenye LDL tu, achague evolokumabu au alirokumabu.

Virutubisho vya dukani

Mchele mwekundu uliochachushwa hushusha LDL kweli, kwa sababu ndani yake mna lovastatini, statini ileile, ila kwa kiasi kisichojulikana, na wakati mwingine na sumu ya ukungu inayodhuru figo. Niasini hupandisha HDL lakini utafiti mkubwa wa 2014 haukuona faida kwa moyo ikiongezwa juu ya statini. Mafuta ya samaki hushusha trigliseridi, si LDL.

Maneno ya kusema ukiwa mbele ya daktari

"Daktari, LDL yangu ni ngapi, na lengo langu ni ngapi?" "Hatari yangu ya miaka 10 ni asilimia ngapi, na dawa hii itaishusha hadi ngapi?" "Nipunguze asilimia ngapi, na dozi hii inafika?" "Tukishindwa kufika, hatua inayofuata ni kuongeza dozi au kuongeza dawa?"

Nenda na dawa zako zote, pamoja na za mitishamba na virutubisho, zikiwa kwenye vifungashio vyake. Kama kuna dozi unazoruka, sema. LDL isiposhuka baada ya wiki 12, sababu ya kwanza ya kutafuta ni vidonge visivyomezwa, na daktari asipoambiwa ataongeza dozi ambayo hukuihitaji. LDL ikishuka vizuri, usiache dawa ukidhani umepona. Itarudi ilikokuwa ndani ya wiki chache. Omba tarehe ya kipimo kinachofuata iandikwe: wiki 4 hadi 12 baada ya kuanza au kubadilisha dozi, kisha kila miezi 3 hadi 12.